Gauni la Malkia Lina Kazi Gani?

Kila inapotoka filamu mpya ya kifalme, hukumu huwa ileile na haichelewi: mavazi ya kupendeza, hadithi hakuna. Mtazamaji ameshiba mahameli, lulu na ngazi za marumaru, lakini ukimuuliza yule malkia alikuwa akigombana na nani na kwa sababu gani, anababaika. Methali ya kumsaidia ipo tayari: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Waliosoma fasihi ya Kiswahili wana hata istilahi za kuitolea hukumu hiyo. Kuna fani na kuna maudhui. Mwalimu mzuri huonya kwamba viwili hivyo hutenganishwa kwa ajili ya uchambuzi tu, kisha mwanafunzi hupiga mstari katikati ya ukurasa, akaandika fani kushoto na maudhui kulia, na mstari ule haumtoki kichwani maisha yake yote. Filamu za kifalme huhukumiwa kwa mstari huohuo. Gauni huwekwa kushoto pamoja na muziki na taa, na siasa huwekwa kulia pamoja na mazungumzo.

Nakubali kwamba nyingi ya filamu hizi ni tupu. Ila sidhani zimekuwa tupu kwa kuzidisha nguo. Zimekuwa tupu kwa sababu nguo zenyewe hazikupewa kazi ya kufanya, ilhali katika kasri halisi zilikuwa na kazi kuliko mawaziri wengi.

Tumtazame Louis wa 14 wa Ufaransa, maana kwake jambo hili liko wazi kabisa. Alipokuwa mtoto, makabaila wa nchi yake walimwasi, na hakusahau. Alipokuwa mtu mzima aliwavuta karibu naye, na mwaka 1682 akahamishia makao ya utawala Versailles, mahali ambapo kabaila mwenye haja ya cheo, pensheni au mume wa binti yake alilazimika kuonekana. Kuonekana kulikuwa na gharama. Mfalme akibadilisha mtindo, wote hubadilisha. Kulikuwa na koti la buluu lenye tarizi za dhahabu na fedha ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulivaa bila hati ya mfalme, na wenye hati hiyo walikuwa wachache wa kuhesabika. Visigino vyekundu vilikuwa alama ya mtu aliyepokewa kasrini. Wakati huohuo waziri wake Colbert alikuwa ameanzisha viwanda vya lesi mwaka 1665 ili fedha za Wafaransa ziache kukimbilia Venice, na hariri ya Lyon ikapata wateja wasio na hiari ya kukataa. Kwa hiyo lesi moja shingoni mwa kabaila ilikuwa sera ya viwanda, ilikuwa deni, na ilikuwa kamba.

Hata kuamka kwa mfalme kulikuwa ibada yenye ngazi. Kumpa shati lake asubuhi ilikuwa heshima ya mtu mwenye cheo kikubwa kuliko wote waliokuwemo chumbani. Ukiisikia habari hii mara ya kwanza unacheka. Ukifikiri kidogo unaona ujanja wake: mtu anayekesha akiwaza nani atashika shati kesho hana muda wa kukusanya jeshi.

Mwaka 1966 Roberto Rossellini alitengeneza filamu kwa ajili ya televisheni ya Ufaransa kuhusu namna Louis alivyoshika madaraka. Mwigizaji mkuu hakuwa mtaalamu, Jean-Marie Patte, mfupi na mkavu, na kukariri maneno kulimshinda hata ikabidi asomee kwenye mabango yaliyowekwa nje ya kamera. Kwa kipimo cha kawaida hilo ni janga. Lakini ndani yake kuna tukio ambapo mfalme anakaa na mshonaji wake na kuamuru utepe uongezwe, lesi iongezwe, wigi liwe refu zaidi, kwa sauti ya mtu anayepanga kodi. Mwishoni yuko peke yake chumbani, anavua kimoja baada ya kingine, wigi, upanga, koti, na anayebaki ni kijana mfupi mwenye kitabu mkononi. Hapo huwezi tena kuuliza kama ile ni fani au ni maudhui. Nguo ndiyo iliyokuwa ikitawala, na umeona ikivuliwa.

Uingereza walikuwa na njia nyingine, ya sheria. Juni 1574 Elizabeth wa Kwanza alitoa tangazo akiwa Greenwich lililopanga nani avae nini. Hariri ya zambarau, kwa mfano, iliachiwa jamaa za mfalme na makabaila wa ngazi za juu tu. Tangazo lenyewe lililalamikia fedha zinazotoka nje ya nchi kununua anasa, na vijana wa familia za heshima wanaouza ardhi ili wavae. Sheria za namna hii zilifutwa mwaka 1604, muda mfupi baada ya malkia huyo kufa. Sasa fikiria filamu ambayo kila anayepita nyuma ya malkia amevaa zambarau kwa sababu rangi hiyo inapendeza kwenye kamera. Mtazamaji haambiwi uongo kwa maneno, ila kitu kimoja kimefutwa machoni pake: hofu. Katika ukumbi ule mtu alivaa kwa kuchunga mipaka, na wenzake walikuwa wakimhesabia.

Kwa Elizabeth kuna mtego mwingine ambao huwanasa hata watu makini. Hakuna gauni lake hata moja lililotufikia likiwa zima. Vitambaa vilikuwa ghali mno kutupwa, hivyo magauni yalifumuliwa, yakagawiwa, yakashonwa upya kuwa vitu vingine. Kitambaa kimoja kilichodariziwa maua, kilichohifadhiwa kwenye kanisa la kijiji cha Bacton, kinaaminika kuwa kipande cha vazi lake. Basi mbunifu wa mavazi anayetaka kumvisha mwigizaji hana pa kwenda ila kwenye picha zilizochorwa. Na picha hizo zilikuwa nini? Ile iitwayo ya upinde wa mvua, iliyopo Hatfield House, ilichorwa yapata mwaka 1600, malkia akiwa na umri wa miaka 60 na ushee, lakini uso ni wa msichana. Joho lake limetapakaa macho na masikio, na kwenye mkono wa gauni amejikunja nyoka. Ni onyo kwa raia: naona, nasikia. Kamera inaponakili picha ile uzi kwa uzi na kuiita uhalisia, inanakili tangazo la serikali. Usahihi wake ni kamili, na bado imedanganywa miaka 400 baadaye na mwanamke yuleyule aliyewadanganya mabalozi wake.

Ndiyo maana naona ni kosa kuchanganya usahihi na maudhui. Watazamaji wajuzi hupenda kukamata makosa, na mengine yanastahili kukamatwa. Koseti, vazi la kubana kiuno, juu ya ngozi tupu ni mojawapo. Wanawake wa enzi zile walivaa kwanza shimizi la kitani, ambalo lilinyonya jasho na kufulika, maana gauni la hariri lenyewe halikuwa la kutiwa kwenye beseni. Waongozaji huliondoa shimizi kwa sababu mgongo mtupu unavutia. Kisha linakuja lile tukio ambalo sasa limekuwa kama sala: kijakazi anavuta kamba, bibi ameshika nguzo ya kitanda, pumzi inakata, nasi tunatakiwa kuelewa kwamba wanawake walionewa. Walionewa kweli, ila kamba ya koseti ndiyo njia ya uvivu kuliko zote ya kulisema hilo. Sheria ya mirathi ingelisema vizuri zaidi, tatizo ni kwamba haipigiki picha.

Nywele za wanawake watu wazima zilizoachwa zikapepea mabegani na kofia zilizopotea kabisa zinaingia katika kundi hilohilo. Taa nazo, ingawa hilo halisemwi sana. Uzi wa dhahabu ulidariziwa ili uonekane kwenye mwanga wa mishumaa, ukiwaka na kuzima mtu anapotembea. Ukiumulika kwa taa za umeme kila upande unakuwa kitu king'aavu tu. Stanley Kubrick alilielewa hilo alipotengeneza Barry Lyndon, iliyotoka mwaka 1975: kwa matukio ya usiku alitafuta lenzi za Zeiss zilizobuniwa kwa ajili ya shirika la anga la Marekani, NASA, zenye uwezo wa kunasa picha kwa mwanga wa mishumaa. Ile si filamu ya mfalme, ingawa George wa Tatu anapita humo kidogo, lakini sijaona nyingine inayokufanya ufahamu kwa nini watu wale walijipaka poda nyeupe usoni.

Hata hivyo, filamu inaweza kukosea vitambaa vyote na ikawa na akili kuliko iliyopatia. The Favourite ya mwaka 2018 inamhusu Malkia Anne wa Uingereza na wanawake wawili, Sarah na Abigail, wanaogombea kuwa karibu naye. Mbunifu Sandy Powell aliwavisha watu wa kasrini rangi nyeusi na nyeupe karibu tupu, baadhi ya mapambo yakikatwa kwa leza, na watumishi wa jikoni akawashonea magauni kutokana na jinzi zilizokwisha kuvaliwa. Hakuna mwanahistoria wa mavazi atakayetia sahihi hapo. Lakini angalia nguo zinavyofanya kazi. Abigail anafika akiwa amejaa matope, anapewa vazi la jinzi la jikoni, na kadiri anavyopanda unaiona hatua yake kwenye kitambaa kabla hajasema neno. Sarah anavaa suruali na kulenga bunduki. Malkia mwenyewe, mwenye nchi, ndiye anayeshinda na nguo za kulalia, miguu imefungwa vitambaa kwa ugonjwa wa jongo. Mwenye madaraka makubwa kuliko wote hana haja ya kuvaa, au hana nguvu ya kuvaa, na filamu haikuambii ni lipi kati ya hayo.

Filamu hiyo ina makosa mazito zaidi ya jinzi. Mume wa Anne, George wa Denmark, alikuwa hai mpaka mwaka 1708, nayo imemfuta kabisa. Sungura 17 wa malkia ni wa kubuni. Lakini namba hiyo haikubuniwa: Anne alipata mimba 17, na hakuna mtoto aliyefika utu uzima. Aliyeishi zaidi alikufa mwaka 1700 akiwa na miaka 11. Mwandishi angeweza kutuwekea mhusika wa kusoma takwimu hizo. Badala yake amefungulia sungura chumbani, na kila mmoja ana jina.

Kwa upande mwingine, Mary Queen of Scots, iliyotoka mwaka huohuo wa 2018, nayo ilitumia jinzi kwenye mavazi yake, na ikaenda mbali zaidi kwa kuwakutanisha Mary, malkia wa Uskoti, na Elizabeth uso kwa uso. Malkia hao hawakuwahi kuonana. Mkutano wao ni mali ya jukwaa, tangu tamthilia ya Mjerumani Schiller ya mwaka 1800, na waongozaji hawawezi kuuacha kwa sababu ni mzuri mno. Mimi ningeuacha. Uzito wa habari yao uko katika kutokuonana: miaka 19 Elizabeth akimfunga Mary, barua zikienda na kurudi, na ile ya mwisho ikiwa hati ya kifo. Inashangaza zaidi kwamba Mary alitayarisha mwenyewe tukio ambalo lisingehitaji kuongezwa kitu. Asubuhi ya tarehe 8 Februari 1587, kwenye kasri la Fotheringhay, alipanda jukwaa la kukatwa kichwa akiwa na vazi jeusi, na lilipovuliwa ndani yake mlikuwa na nguo nyekundu, rangi ya mashahidi wa dini yake. Alijua ripoti itaandikwa. Alichagua nguo kama mtu anayeandika wosia.

Ukweli usifichwe kwamba kuna filamu ambazo nguo hazina hatia, na kilichopungua ni historia yenyewe. The Woman King ya mwaka 2022 iliwavalisha wanawake wapiganaji wa Dahomey, ufalme wa Afrika Magharibi, kwa namna iliyoonyesha miili inayofanya kazi, wala si miili ya kutazamwa. Lakini inamwonyesha Mfalme Ghezo akishawishiwa kuacha biashara ya watumwa na kugeukia mafuta ya mawese. Katika historia, mawese yaliongezeka na Dahomey ikaendelea kuuza watu vilevile. Kosa hilo halihusiani na urembo hata kidogo, na ndilo lililostahili kugombaniwa.

Kwa nini basi filamu hizi huegemea kwenye gauni? Sehemu ya jibu ni biashara. Gauni ndilo linaloingia kwenye bango. Cleopatra ya mwaka 1963 ilimbadilisha Elizabeth Taylor mavazi mara 65, ikala takriban dola milioni 44 na kukaribia kuiangusha studio yake, na mpaka leo watu wanakumbuka lile vazi la dhahabu kuliko neno lolote alilolitamka. Tuzo nazo zinachochea. Kwa filamu za mwaka 2006, 2007, 2008 na 2009, Oscar ya ubunifu wa mavazi ilikwenda mfululizo kwa Marie Antoinette, Elizabeth: The Golden Age, The Duchess na The Young Victoria: malkia, malkia, mke wa kabaila, malkia. Hakuna hata moja kati ya hizo nne iliyoteuliwa kuwania filamu bora ya mwaka. Mtengenezaji anayesoma hesabu hiyo anajua fedha aielekeze wapi. (The Favourite iliteuliwa mara kumi, na ikashinda kwa uigizaji wa Olivia Colman tu. Ya mavazi ilichukuliwa na Black Panther, ambayo nayo, tukisema kweli, ni hadithi ya kugombea kiti cha enzi.)

Sehemu nyingine ya jibu ni kwamba filamu humwonyesha mvaaji na kumsahau mshonaji. Hapa tamthilia za China zimewazidi wengi. Story of Yanxi Palace ya mwaka 2018, inayomhusu Mfalme Qianlong na wake zake, inamwingiza shujaa wake kasrini kama mdarizi. Uzi wa manyoya ya tausi unapoibwa kabla ya sikukuu ya kuzaliwa kwa malkia, inabidi abuni uzi mwingine usiku kucha, na uhai wake unategemea ustadi huo. Wanawake humo huvaa hereni tatu kila sikio, kama walivyofanya wanawake wa Kimanchu. Baada ya kipindi hicho nguo hazikuwa tena mandhari, maana unajua vidole vilivyotoboka kwa sindano ni vya nani. Serikali nayo iliona kwamba urembo huo unasema jambo: Januari 2019 chapisho lililo chini ya gazeti la Beijing Daily lilizishutumu tamthilia za aina hiyo kwa kutukuza anasa na fitina za kasri, na baadhi zikaondolewa kwenye ratiba za televisheni.

Nimemwacha Malkia Marie Antoinette wa Ufaransa mwisho kwa sababu filamu ya Sofia Coppola ya mwaka 2006 ndiyo inayotajwa kila ugomvi huu unapozuka. Ilizomewa na baadhi ya waandishi ilipoonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes. Kati ya viatu vya hariri kinaonekana kiatu cha raba cha Converse, kwa makusudi, nao wazee wa historia wakapandwa na hasira. Mimi kile kiatu hakinisumbui. Msichana aliolewa akiwa na miaka 14, na mtu anaruhusiwa kutukumbusha hivyo.

Filamu hiyo ina tukio moja ambalo Rossellini angelipenda. Bibi Campan, mhudumu wa malkia, alilisimulia katika kumbukumbu zake: asubuhi ya baridi, malkia yuko uchi, shati lake linangojewa. Kila shati linapokaribia kumfikia, mlango unagongwa na kuingia bibi mwenye cheo zaidi, na shati linapitishwa mkono hadi mkono kwa mwenye haki mpya. Malkia amejikumbatia akitetemeka. Nguo ipo chumbani, na kwa dakika kadhaa hakuna mwenye mamlaka ya kumvisha. Ule ulikuwa utaratibu wa Louis wa 14, karibu miaka mia baadaye, ukiendelea kuzunguka bila aliyeuanzisha.

Inachokosa filamu hiyo, kwa maoni yangu, ni bei. Watu wa nje ya kasri karibu hawaonekani mpaka umati unapofika mlangoni. Na mfano wa kuionyesha ulikuwepo. Mwaka 1783 mchoraji Élisabeth Vigée Le Brun alimchora malkia akiwa na gauni jepesi la melimeli nyeupe na kofia ya majani makavu. Picha ilipotundikwa kwenye maonyesho ya Paris ilizua kelele: malkia amechorwa na nguo ya ndani. Wafumaji wa hariri wa Lyon nao walikuwa na lao la kulalamika, kwani malkia akivaa pamba, nani atanunua hariri? Picha iliondolewa, ikawekwa nyingine ambayo ameshika ua lilelile la waridi, safari hii akiwa ndani ya hariri ya buluu na lesi. Alichukiwa kwa kuvaa ghali, akachukiwa kwa kuvaa rahisi.

Coppola anaizima kamera Oktoba 1789, gari la farasi linapoondoka Versailles, na chumba cha kulala kimevunjwavunjwa. Miaka minne baadaye, tarehe 16 Oktoba 1793, malkia alipitishwa mitaa ya Paris kwenye mkokoteni wa wazi akipelekwa kukatwa kichwa, ingawa mumewe alipewa gari lililofungwa. Alivaa nguo nyeupe. Mchoraji Jacques-Louis David alimchora akipita, kwa mistari michache ya kalamu: kofia ya kitambaa, nywele zilizokatwa, mgongo ulionyooka, mikono imefungwa nyuma. Hakuweka hata kivuli kwenye gauni.